Bega la Mama na Usukani wa Gari Lako

Mbugangari, Gisenyi,
19 Septemba 2024.

Mpendwa Mjomba Rugema,

Habari za Bukoba? Macho yako yanaendeleaje baada ya upasuaji? Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, ili usome mwenyewe, asikusomee mtu. Mkaza mjomba Donatha hajambo? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza, na asubuhi ziwa halionekani kwa ukungu.

Barua hii ataibeba jirani yetu Uwamariya, anayekuja huko kumwona dada yake. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu huwa nasema nusu tu ya niliyokusudia, na hili nataka kulisema lote.

Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba mkono wa Mama umeanza kumshinda. Nilikwambia kwamba kona za Nyakiriba zinamtesa, kwamba anashuka garini ameshika bega, na kwamba kila wiki anakwenda Nyamyumba kulikanda kwa maji ya chemchemi ya moto. Ukajibu kwamba basi, gari liuzwe, na ukapatana na yule mfanyabiashara, Rutagengwa, aje alichukue Jumamosi hii. Nami nikamnyang'anya Mama ufunguo.

Mjomba, nilikosea. Mkono wa Mama ni mzima. Lililokuwa gonjwa ni gari.

Wiki iliyopita nililitoa ili Viateur, fundi wetu wa hapa mtaani, alikague kabla ya mnunuzi kuja. Getini tu nilishangaa. Mimi mwenye miaka ishirini na sita nilikata kona kwa mikono miwili na meno, na gari likalia kama ndama. Viateur alifungua boneti akakuta kikopo cha mafuta ya usukani karibu kitupu. Akapangusa kila kitu kikakauka, kisha akaniomba poda ya mtoto. Nilidhani ananitania. Kumbe alitaka kuinyunyiza juu ya mipira inayopitisha mafuta. Akaniambia niwashe gari, nizungushe usukani. Haikupita dakika, mstari mwekundu wa mafuta ukajichora kwenye poda, pale mpira unapoingia kwenye chuma.

"Kuja uone, dada," akaniita. "Muko munasema mama amezeeka? Iko hii tiyo, hii mpira, ndiyo imezeeka. Mama iko na nguvu kukupita wewe. Hii voiture alikuwa anaiendesha hivi hivi!"

Unajua ninavyojiona mtu wa kuangalia mambo kwa makini. Kwa miezi mitatu nilimwangalia mama yangu, nikamhurumia, nikamwandika, na sikuinama hata mara moja kutazama chini ya gari.

Nyumbani nilimkuta anamenya viazi. Nikamuuliza kama alijua gari linavuja.

"Tangu Juni," akasema, wala hakuinua kichwa.

Kumbe kila jioni alitandika katoni chini ya injini, na kila alfajiri aliiondoa kabla sijaamka. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Kaka yangu alisema siku ile anaondoka: likianza kusumbua, liuzwe. Gari ni lake. Bega ni langu. Bega hakuna wa kuniuzia."

Nilicheka, kisha nikashindwa kucheka. Fikiria, Mjomba: bega liliumia kwa sababu ya usukani mzito, naye akawa anapigana na usukani huo huo mpaka Nyamyumba kwenda kulitibu, halafu anapigana nao tena kurudi. Wiki baada ya wiki. Alikuwa tayari tumwone mzee kuliko tulione gari limechoka.

Najua uliponunua gari lile la spoti la zamani, lenye milango miwili, watu walikucheka. Na uliliacha kwa dada yako kwa kuwa usukani uko kushoto na usingekufaa Bukoba. Lakini sidhani unajua limekuwa nini kwake tangu astaafu ualimu. Wanawake wanaouza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, kule ziwani wanamwita Mwalimu wa Mbio, naye anajifanya hapendi. Siku zote kumi na sita nilizoushika ufunguo, alikaa barazani amevaa viatu vya safari, hana anakokwenda.

Mpira mpya ulikuja kwa basi kutoka Kigali. Viateur alipoufunga, aliinua magurudumu ya mbele, akaniweka kwenye kiti. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, huku yeye akiongeza mafuta mpaka hewa yote itoke. Nilikuwa na haraka, akanikemea: "Polepole, we! Hii haiko ugali." Mapovu yalipokwisha tukawasha. Sasa unakata kona kwa kidole. Poda tuliyonyunyiza upya imebaki nyeupe.

Jana nilifanya mambo mawili bila ruhusa yako. Nilimwambia Rutagengwa asije, na nilimrudishia Mama ufunguo. Hakunishukuru. Aliuliza tu, "Petroli imo?" Kisha akaondoka kwenda Nyamyumba. Bega halimuumi tena, alisema anakwenda kuyasalimia maji.

Nisamehe kwa kutokungoja. Gari ni lako, na neno la mwisho ni lako. Lakini mimi sitamnyang'anya mara ya pili. Ukiamua liuzwe, njoo mwenyewe, upande naye mpaka ziwani na kurudi, halafu uuombe ufunguo mkononi mwake. Kitanda chako kipo.

Msalimie sana mkaza mjomba Donatha, na mwanao Gwiza umwambie nasubiri picha za mtoto. Mama hajui nimeandika, lakini angejua angekusalimu. Mungu ayalinde macho yako na akupe safari njema ya kuja kwetu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ninapokuasi,

Umulisa