Risiva Mpya ya Droni Yetu, Mama Upendo

Mama Upendo, mke wangu,

Leo nimekwenda Kariakoo kununua risiva ya droni yetu, kile kidude kinachopokea amri za rimoti, na nimemdanganya mtu dukani kuhusu wewe. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumweleza jambo la namna hii. Upendo akipiga simu kutoka Mwanza huuliza kama nimekula, basi.

Ile ya zamani niliiunguza mwenyewe. Unakumbuka kusoma maandishi madogo ya kwenye bodi ya kuongozea droni ilikuwa kazi yako; mimi nashika chuma cha kulehemu, wewe unanisomea waya upi uende wapi. Juzi nikajitia ujuzi, nikabadilisha waya bila miwani wala wewe, chanya nikaipeleka kwenye hasi. Moshi ukatoka kidogo tu, na risiva ikawa imekufa. Mwalimu wa fizikia mzima!

Nikaogopa, mke wangu. Droni ile ndicho kitu cha mwisho tulichokiunda sisi wawili, hapa hapa Mtoni, sebuleni, nawe unalalamika kwamba mapazia yananuka moshi. Isiporuka tena, nitabaki na mapazia.

Cha kutafuta nilikijua, maana tulishakosea pamoja. Risiva ya kwanza kabisa niliyoleta nyumbani ilielewana na rimoti vizuri, lakini ilikuwa ya vindege vya kuchezea, kila amri na waya wake. Bodi yetu inataka amri zote zipite kwenye waya mmoja. Ulipoiona ilivyojipanga meno, ulicheka mpaka ukakaa chini. "Baba Upendo, umeninunulia chanuo?" Nami nikanuna hadi wakati wa kulala. Ningejua, ningecheka na wewe.

Basi leo dada wa dukani akaniamkia, akaanza maswali kama daktari: rimoti yangu ni aina gani, bodi inapokea waya mmoja au mingi, inatoa volti ngapi. Nikajibu yote, ungejisifu kwa mashoga zako. Akaweka mbili mezani. Moja ya kisasa, inajiunganisha yenyewe, lakini inataka rimoti mpya. Ya pili inakwenda na rimoti yetu, ila ina kitufe kama punje ya mchele, na lazima kibonyezwe bila kuachiwa wakati betri inachomekwa, ndipo iitambue rimoti.

"Hii ni ya watu wawili, baba," akasema. "Ukiwa mwenyewe itakusumbua sana. Nyumbani kuna mtu?"

"Mama yupo," nikasema.

Ilinitoka hivyohivyo. Akanifungia ile ya kitufe, akasema nikupe salamu zake, nami nikaitikia. Njia nzima roho iliniuma.

Nyumbani nikavua mapangaboi, nikalehemu waya, safari hii na miwani. Kikabaki kitufe. Kidole changu hakiingii pale. Chako ndicho kilichokuwa kikiingia, na ile kucha uliyokuwa ukiiacha ndefu makusudi. "Usiachie!" nilikuwa nikikuambia. "Sijaachia! Mbona unanifokea kama mwanafunzi wako?" Nikajaribu kibanio cha nguo, kikateleza. Nikajaribu kubonyeza kwa jino, Mungu anisamehe, betri ikaniponyoka ikaingia chini ya kochi. Nikakaa sakafuni nikalia. Sikufichi.

Baadaye nikanawa uso, nikaenda kwa jirani yetu Nassor wa duka la vyombo. Tangu tukuzike nimekuwa nikimpita na salamu za harakaharaka, kisingizio changu nawahi nyumbani. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kuswali alasiri. Nikasimama mlangoni pake na droni mkononi.

"Jirani," nikasema, "nina kazi ya watu wawili. Mie niko peke yangu."

Nassor akaitazama droni, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "tangu arobaini ya shemeji nangojea unigongee. Ingia bwana."

Tukakaa barazani kwake. Akabonyeza kwa njiti ya kiberiti, ameshikilia pumzi utadhani anapigwa sindano, nami nikachomeka betri. Taa ikapepesa, ikapepesa, kisha kijani kikatulia. Nikageuka kukuambia, mama. Kweli kabisa, nikageuka.

Sasa imelala mezani, iko tayari. Sijui nitaitazamaje ikipanda bila wewe kando yangu, lakini Jumamosi nitairusha, na Nassor kasema atakuja. Nyumba bado kimya, na usiku bado nalala upande wangu tu wa kitanda.

Pumzika, mke wangu. Leo nimemwambia mtu kwamba hupo.

Mumeo,
Baba Upendo