Magurudumu ya Mkurugenzi

Mwanza, Jumatatu, 2 Februari 2026

Shangazi mpendwa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Neno lolote lililomo humu lisitoke nje, hata kwa Baba. Hasa kwa Baba. Ukimaliza kusoma, itie motoni.

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, ila nina shida. Ningekupigia simu, lakini kwa masikio yako ningelazimika kupiga kelele, na siri ingesikika mpaka Buswelu. Ndiyo maana nimempa barua Josephat wa samaki, anavuka daraja kila siku.

Pale mapokezi ofisini kwetu kuna kabati la kioo lenye treni ndogo ya umeme: kichwa kimoja, mabehewa saba, reli ya mviringo. Ni ya Mkurugenzi wetu, Mzee Chenge. Aliinunua safarini Ujerumani, na wageni wakija huiwasha kwa mkono wake. Hakuna mwingine anayeigusa. Ufunguo wa kabati ninao mimi, kwa sababu funguo zote za ofisi hukaa kwa karani.

Ijumaa alikuwa safarini. Nikaona vumbi, na nyuzi zimejisokota kwenye magurudumu. Wageni kutoka Dodoma wanakuja Jumatatu ijayo, nikajiambia nitafanya jambo jema. Wenzangu walipokwenda kula mchana, nilifungua mabehewa sita, nikayachomoa magurudumu na kuyaosha kwa sabuni kwenye beseni. La saba nilikuwa sijaligusa niliposikia viatu vyao kwenye ngazi. Nikarudisha vyote harakaharaka.

Leo nimeijaribu. Shangazi, inaanguka! Ikifika kwenye kona mabehewa yanatoka relini. Kwingine ndoano zinaachiana, na kichwa kinaendelea peke yake kama hakijui kimewaacha wenzake. Nikiyashika magurudumu naona yanateleza kwenye ekseli zake.

Miezi yangu sita ya matazamio inaisha mwezi huu. Mzee Chenge ndiye anayesema nani abaki. Wewe umekaa miaka ishirini na sita kwenye karakana ya mabehewa, sina mwingine wa kumuuliza. Kibao cha treni kinasema udogo wake ni moja kwa themanini na saba.

Ni mimi binti yako,
Precious


Busisi, Jumanne, 3 Februari 2026

Binti yangu Precious,

Marahaba, mama. Magoti yapo, yanalia kama behewa lisilo na grisi. Mlango nimeufunga, ingawa humu ndani tuko mimi na kuku.

Kwanza pumua. Umeosha treni, hujaiiba. Ila karani anayeosha magurudumu kwa sabuni! Karakanani tungekucheka mpaka king'ora cha kutoka.

Una magonjwa mawili. La kwanza ni upana. Ulipokuwa unayasugua magurudumu yalisogea kwenye ekseli. Kila jozi ina nafasi yake, nayo hupimwa kwa ndani, mgongo wa gurudumu hadi mgongo wa mwenzake. Yakiachana sana yanapanda reli, yakikaribiana sana yanatumbukia. Nimepiga hesabu kwa hiyo themanini na saba yako, nikakukatia kipimo kwenye bati la kopo la nyanya. Ni milimita kumi na nusu. Kitie katikati, sogeza gurudumu huku unalizungusha, usilivute kwa nguvu.

La pili ni ndoano. Weka mabehewa mawili mezani, inama mpaka jicho liwe sawa nazo. Ndoano moja ikiwa chini ya mwenzake, zitaachiana kila reli ikibonyea kidogo. Ulipofungua skrubu zile hukuona washa nyembamba, vile viduara vyenye tundu katikati? Zilikuwepo. Zimekwenda na maji yako ya sabuni. Kata nyingine kwenye kifuniko cha mtindi, uzirudishe chini ya behewa lililoinama.

Anza na moja tu, usiyavamie yote.

Shangazi yako,
Paskazia


Mwanza, Jumatano, 4 Februari 2026

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa usumbufu. Nimejifungia stoo saa ya chakula.

Ndoano zimepona. Mabehewa mawili yalikuwa yameinama kama ulivyosema, nikayawekea washa za mtindi, sasa yanashikana hata nikitikisa meza.

Magurudumu ndiyo balaa. Nilifuata kipimo chako kwa behewa moja, kwa uangalifu wote, nimepima mara nne. Nilipoliweka relini limetumbukia katikati kama mtu aliyekanyaga ubao mbovu! Nimechukua rula: kati ya reli na reli ni milimita kumi na sita na nusu. Sijui nimekosea wapi. Naona aibu kusema labda hesabu haikukaa sawa.

Nilipotoka, Queen wa mapokezi akaniona na kifuniko mkononi. "Da' Precious, siku hizi mafaili yanakunywa mtindi?" Nikacheka naye. Kifuniko nikakificha mfukoni.

Zimebaki siku tano.

Binti yako,
Precious


Busisi, Alhamisi, 5 Februari 2026

Precious mwanangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka jirani amekuja kuuliza kama niko mzima.

Usione aibu, kosa ni langu. Nimekupimia reli yangu! Miaka ishirini na sita nimelala na kuamka na reli ya mita moja, mkono wangu haujui upana mwingine. Hiyo ya Mzee Chenge ni ya reli pana, kama hii mpya inayojengwa huko kwenu. Litupe hilo bati.

Na tusipige hesabu nyingine. Kuna lile behewa la saba, ambalo hukuwahi kuliosha. Lisukume kwenye kona peke yake mara ishirini. Kama halianguki, huyo ndiye fundi wako. Kata kadi ngumu iingie katikati ya magurudumu yake bila kubana wala kucheza, halafu yafanye mengine yote yafanane naye. Kisha simamisha kila behewa juu ya kioo, uliguse pembeni. Likiyumba, kuna gurudumu linaning'inia, lifungue tena. Mwisho, tone la mafuta ya cherehani kwenye ncha za ekseli, kwa sindano. Yasiguse reli.

Jambo moja zaidi, na hili hutalipenda. Karakanani, ukishagusa gurudumu la behewa, uliandika jina lako ubavuni kwa chaki kabla halijatoka. Hata kazi iwe safi. Aliyetoa behewa bila jina hakuaminiwa tena, hata kama halikuanguka. Mwambie mwenye treni.

Shangazi yako,
Paskazia


Busisi, Jumatano, 11 Februari 2026

Precious,

Hujambo? Wageni wenu walikuja juzi. Josephat amepita mara mbili mikono mitupu, anasema ofisini hukuonekana dirishani. Wamekufukuza? Kama wamekufukuza, sema. Chumba kipo, na kuku hawa wanahitaji karani.

Usininyamazie.

Shangazi


Mwanza, Alhamisi, 12 Februari 2026

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe. Nilikuwa naogopa kuandika kabla sijajua mwisho wake.

La saba halikuanguka hata mara moja, na mpaka Ijumaa mchana mengine yote yalikuwa yamefanana nalo. Kumwambia nilishindwa. Nilifika mlangoni kwake mara tatu, mara zote nikamwuliza kama anataka chai. Alikunywa vikombe vitatu.

Jumatatu wageni wakalizunguka kabati, Mzee Chenge akalifungua na kuiwasha treni. Mimi nilisimama nyuma ya Queen. Hapo ndipo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: treni ilipokaribia kona, alisogea, akaweka kidole chake ukingoni mwa reli, akiwa bado anaongea na wageni. Treni ikapita. Kidole kikabaki pale, hakina kazi. Mzunguko wa pili vilevile. Akaacha kuongea.

Wageni walipoondoka akatuita. "Nani ameishika treni yangu?"

Queen akaangalia sakafu. Nilikumbuka chaki yako, nikasikia sauti yangu inasema, "Ni mimi, Mzee. Niliiharibu, halafu nikaitengeneza."

Alitazama ile kona ya reli. Kisha akasema, "Miaka minne behewa la tatu linaanguka pale, nalisukuma kwa kidole wageni wasione. Miaka minne, Precious!" Akanigombeza kweli, kwamba ningeomba ruhusa, kwamba ufunguo si leseni, na ufunguo akauchukua. Nilirudi mezani nikijua nimekwisha. Jumanne na jana nilifanya kazi stoo nisionekane.

Leo asubuhi ameniita. Mezani kwake palikuwa na boksi lenye mabehewa kumi na moja mabovu, alikuwa ameyaficha nyumbani asichekwe. Juu ya boksi ameweka ufunguo na barua yangu ya kuthibitishwa kazini. Akauliza nimejifunzia wapi. Nikamtaja shangazi yangu, fundi Paskazia Masele. Anaomba uje Jumamosi, nauli atalipa yeye. Ana swali kuhusu ndoano, anaona aibu kuniuliza mimi.

Basi njoo na Josephat. Shukeni Mabatini, kwenye duka la vipuri lenye ukuta wa njano. Ofisi yetu ni juu yake, ngazi ziko upande wa kulia, zipande taratibu kwa sababu ya magoti. Utamkuta Queen. Usinong'one. Mwambie kwa sauti yako ileile ya karakana kwamba unamtaka Precious Masele, karani. Nitakusikia popote nilipo.

Mwanao,
Precious