Doa la Oili Uani

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili

Kaka Ngala,

Shikamoo. Mama anakusalimu, nami nimekuwa wa tatu katika hisabati. Naandika kwa sababu kwenye simu Mama angenisikia.

Baba hakuteleza tu kama alivyokuambia. Injini ya ile pikipiki yake kuukuu iliishiwa oili, ikakwama ghafla pale Makupa, naye akarushwa. Mguu umefungwa plasta hadi pajani.

Fundi Mung'aro alikuwa amemwonya: "Inavuja, mzee mwenzangu. Kila asubuhi tazama chini. Doa likikua usiiwashe, niite." Baba anaapa kwamba hakuona hata tone. Jana fundi alikuja kumjulia hali na machungwa, Baba akamfukuza. "Toka, muongo wee! Wanivunja mguu, kisha waniletea machungwa?" Waendeshaji wote wa bodaboda wa steji ya Baba wamemhama fundi.

Kaka, doa lilikuwapo, na lilikuwa likikua. Mwenye nyumba, Fatemabai, alikuwa akifoka: "Ua wangu si gereji! Nikiona oili tena, mtahama." Basi kila alfajiri niliamka kabla ya Baba, nikalisugua kwa mchanga na sabuni mpaka sakafu ikatakata. Nilidhani namsaidia.

Sijamwambia mtu. Nikifunga bahasha hii nitaingia chumbani kwa Baba nimweleze. Nimemwomba fundi aje saa kumi, asikie naye. Amekubali, ingawa hajui ninamwitia nini.

Mdogo wako,
Kache