Mashine ya Uvivu

Murara, Goma

Mama Léoncie, mama ya bwana yangu,

Hapa tuko wazima, na maharagi uliyotutumia kutoka Kalengera yamefika. Asanti.

Jana ile mashine ya kufua, ile unayoiita mashine ya uvivu, ilikataa kuzunguka. Mota inanguruma, nguo zimelala tu ndani ya maji. Mutoto wako Jean de Dieu akasema ni mukanda wa mpira umechoka. Tukaivuta kutoka ukutani, akafungua bati la nyuma. Kweli mukanda ulikuwa umelika, lakini upande mmoja tu.

"Kuna kitu kinaukata," akasema.

Kumbe bati lilikuwa na tundu, na kingo zake zilizopindia ndani ndizo zilikuwa zinaula mukanda. Nikatazama ukuta wa mbao: tundu vilevile. Jean de Dieu akaingiza mukono, akatoa risasi iliyokwama kwenye lile jiwe zito la simenti la ndani, linalozuia mashine isirukeruke. Mungu wangu!

Mama, wiki ile ya vita tulijificha katika chumba hicho. Nilikuandikia kwamba hakuna kilichotugusa. Mujukuu wako Bénédicte alikuwa amekaa chini, mugongo ameuegemeza kwenye mashine. Kati yake na ukuta hakukuwa na kitu kingine.

Mukanda mupya tumeuvalisha, inazunguka. Bénédicte ameshaegemea tena palepale, anasema inamubembeleza. Sijamwambia kitu.

Lakini wewe, Mama, nakuomba: usiiite tena ya uvivu.

Mukamwana wako,
Séraphine