Mstari wa Wanawake

Tarehe 3 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Nasikia siku hizi unalala umekaa. Sisi hatujambo, ila mimi nimechokoza nyuki.

Nimechukua fomu ya kugombea uenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi hapa kiwandani. Kwenye mitambo ya kufuma wanawake ndio wengi. Kwenye vikao tunaitwa kuchemsha chai. Mwenyekiti wa sasa, yule tunayemwita Chuma, amefukua daftari la mihtasari la miaka thelathini na moja iliyopita, akanisomea mbele ya watu: "Mgombea mwanamke aliwaamuru wenzake kuwapiga wanaume. Uchaguzi ukavunjika. Imeamuliwa wanawake wasigombee tena." Mgombea huyo ni marehemu mama. Chuma akafunga daftari, akasema, "Damu ni ileile, dada. Kashone vifungo."

Mjomba, siku ile wewe ndiye uliyekuwa katibu. Mama alirudi nyumbani na taya lililovunjika, na hadi anakufa hakutafuna tena. Aliyeanzisha fujo harudi hivyo. Niandikie ukurasa mmoja tu, useme ulichoona. Kamati inakaa tarehe 24 kuamua kama jina langu litabaki.

Mpwa wako


Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua ni kilekile, kinapiga filimbi nikipumua. Daktari ameacha kunidanganya, nami nimemshukuru.

Kuhusu hilo ulilouliza, ni siku nyingi zimepita. Kulikuwa na vumbi na kelele, na aliyempiga mama yako sikumwona. Mambo ya chama yana wenyewe. Una watoto wawili wa kulea. Rudisha fomu, uje unisalimie tuongee mengine.

Mjomba wako


Tarehe 16 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini umepata nafuu. Mimi sijambo kwa kiasi.

Jumatano, nikitoka zamu ya asubuhi, wanaume watatu walinibana ukutani karibu na geti. Jua liko utosini, mlinzi anatazama. Mmoja alinimwagia oili chafu kichwani. Wa pili aliniwekea mkono wa kushoto kwenye kizingiti, wa tatu akaubamizia mlango wa chuma kwa teke. Vidole viwili. Wakaniambia, "Mama yako alivunjwa taya akanyamaza. Wewe unaanza na vidole."

Mama Pacha, jirani yangu kwenye mtambo, alinifunga kitambaa huku akilia na kutukana. Kisha akasema, "Vimebaki vinane. Kupiga kura kunataka kimoja."

Sirudishi fomu. Lakini daftari linasema mama ni mhuni, na mimi sina cha kulijibu. Mjomba, walijuaje kuhusu taya? Daftari halikutaja taya la mtu.

Mpwa wako


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Leo usiniulize hali.

Tulipiga kura kwa kusimama. Kila mgombea alisimama mbele uani, watu wakajipanga nyuma yake, na katibu akapita akihesabu. Nilihesabu mara mbili. Nyuma ya mama yako walikuwa mia mbili na tisa. Nyuma ya mpinzani wake, mia moja na themanini.

Nyuma ya ghala nilikuwa nimeficha wanaume sita wenye mikanda ya mitambo. Alama ilikuwa filimbi yangu. Niliipuliza.

Waliuvamia mstari wa wanawake kwa nyuma, walikosimama wazee na wenye mimba. Mwanamke mmoja aliburutwa kwa nywele hadi kwenye mtaro. Mwingine alikingia kichwa kwa mkono, na mkono ukavunjika kama kuni. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameshika hata kijiti.

Mama yako hakukimbia. Alinijia moja kwa moja. "Kaka, taja hesabu." Nikamwambia aende nyumbani. "Taja hesabu, kaka. Kwa sauti." Mkononi nilikuwa na kile kipande cha mti kinachopitisha uzi kwenye mtambo, chenye ncha za chuma. Nilimpiga nacho usoni. Akapiga magoti, akatema meno mawili kiganjani, akayatazama, akanitazama mimi. Nikampiga tena. Hilo la pili ndilo lililovunja taya.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipoandika muhtasari, kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa na elimu, niliijua kazi hiyo. Katika vumbi lile ni wale sita tu walioniona; hawakuandika kitu, lakini walijisifu kwa wanao; ndiko hao waliokuumiza walikopata habari ya taya.

Hakuna aliyenituma. Mimi ndiye niliyemfundisha dada yangu mdogo kusoma, na sikuweza kuvumilia aniongoze. Sababu ni hiyo tu. Hakunitaja kwa mtu yeyote. Sijui kwa nini, na sitamsemea.

Nimetia sahihi kila ukurasa. Ninakuomba kitu kimoja: barua hii isome hadharani nikishazikwa. Chama kimeahidi kulifunika jeneza langu kwa bendera, na wajukuu wangu watakuwepo. Daktari anasema ni wiki chache.

Mjomba wako


Tarehe 24 Machi

Mjomba,

Leo sikuamkii.

Umeniomba nisubiri uzikwe. Kamati ilikaa leo saa tatu, na wewe bado unapumua. Nimeisoma.

Nilipofika kwenye filimbi, Chuma aliruka meza kuninyang'anya. Alinipiga kiwiko mdomoni, akachana pembe ya ukurasa. Mama Pacha alimning'inia shingoni hadi wakaanguka wote na viti. Wanawake wa zamu ya asubuhi walikuwa wameziba mlango, hivyo hakuna aliyetoka. Nikafuta damu, nikaendelea. Chuma akapiga kelele kwamba mzee amechanganyikiwa, barua ni ya kughushi. Tukaweka barua na daftari pamoja mezani. Mwandiko wako haujabadilika, Mjomba, mzuri vilevile. Kamati imelifuta azimio la siku ile. Jina langu limebaki, na kura itakuwa ya siri, Jumamosi.

Bendera hawatakupa.

Wanawake waliokuwa kwenye ule mstari na bado wako hai walikuja kusikiliza. Ni kumi na wawili. Mmoja alikunja mkono wa gauni nikauona mkono wake, umeungana vibaya, umepinda kama mpini wa jembe. Wanataka kukuona. Watafika kwako kesho saa nne asubuhi, na sikuwazuia.

Nimewaomba waje mikono mitupu. Kumi na mmoja wamekubali.

Binti wa dada yako