Sigari Niliyoiwasha Mwenyewe

Kolwezi, katikati ya baridi na vumbi

Baba yangu mpendwa,

Ninakuamkia, na mkononi mwako ninaiweka salamu ya kumpa Mama pia. Ninaomba barua hii ikukute umekaa, umekwisha kunywa chai, na lile goti lako limetulia. Mchele wa mwaka huu ulitoka vizuri? Mama bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima. Hapa upepo unakausha midomo, na vumbi jekundu la machimbo linaingia hata ndani ya sanduku la nguo. Mjomba Sefu naye ni mzima, ingawa tangu barua yako ifike anazungumza polepole ndani ya nyumba yake mwenyewe, kama watu wenye msiba.

Barua hiyo alinikabidhi dereva wake. Niliisoma nikiwa nimesimama uani, kisha nikaingia ndani nikaisoma tena. Unaandika kwamba nimekwisha kujibu: aliyewasha tumbaku ya mchumba amekubali, kwa hiyo shule ikifungwa nipande treni, na harusi yangu na Ramazani iwe kabla ya mvua. Chini yake unaandika kwamba msichana anayevuta sigari mbele ya wanaume amekutia aibu. Baba, maneno hayo mawili hayawezi kulala katika ukurasa mmoja. Kama kuwasha kwangu ni jibu la heshima, si aibu. Kama ni aibu, usinifungie harusi juu yake. Nakujibu mwenyewe, bila kumpa Mjomba kalamu, kwa sababu habari uliyoletewa ilikatwa katikati.

Unajua kwamba kila Jumapili alasiri, baada ya magari yake kurudi kutoka Kisenge, Mjomba hukaa barazani na watu wanaopenda sigari. Sisemi zile sigareti za karatasi ambazo vijana wananunua moja moja sokoni. Nasema sigari yenyewe, tumbaku nzito iliyoviringishwa ndani ya jani lake. Siku hizi zinapatikana kwa shida. Maduka ya Wagiriki na Wareno yamebadilisha wenyewe, na rafu nyingi zina vumbi tu. Kwa hiyo moja ikipatikana, huzungumzwa kama kesi ya shamba. Mjomba anaipenda ile nene, nyeusi, ya Kuba. Anasema sigari inayokwisha kabla ya mazungumzo ya watu wawili ni njiti ya kiberiti tu. Tata Kabeya, mzee wa Kikasai aliyefanya kazi maisha yake yote katika karakana za kampuni na sasa anakaa Kapata karibu na shule yangu, anapenda zile nyembamba, kavu, za Ubelgiji. Ya Kuba, anasema, inamkalia mtu kifuani kama mkwe aliyekuja kutembea. Wanabishana hivyo tangu nifike hapa, na hakuna aliyewahi kushinda.

Mwanzoni niliwaletea chai na kopo la sigari, basi. Lakini kiangazi cha hapa kinapasua majani, na nilipoona zinavunjika nikaweka ndani ya kopo kigae cha chungu kilicholowa maji, kama Nkambo, bibi yetu, alivyofanya na tumbaku yake. Zikapona. Siku moja Tata Kabeya akakata moja, akaninyooshea. Aliniambia, "Wee njo mwenye kuzichunga. Onja sasa. Mupishi mwenye haonje, atatuua na chumvi."

Nikaonja. Sikukohoa, kwa sababu sikumeza moshi. Sigari haimezwi, inakaa mdomoni kama neno ambalo bado hujalisema. Na tangu siku hiyo nimejifunza kuhukumu. Ninaibonyeza kwa vidole viwili: ikilia, imekauka, ikizama isirudi, imejazwa ovyo. Ninainusa kabla ya moto, kwa sababu moto hauongezi kitu ambacho hakikuwamo. Sehemu ya kwanza ni adabu tu, kila sigari ina adabu mwanzoni. Katikati ndipo inapokuambia ukweli. Pete ya karatasi yenye dhahabu haivutwi.

Ninayoipenda kuliko zote haina pete. Ninaiviringisha mwenyewe kwa majani ambayo akina mama wa upande wa Mutoshi wanaleta sokoni yamesokotwa kama kamba. Si nzuri kwa macho, mishipa yake inaonekana, na Mjomba huicheka, anasema nimemletea kidole cha mkulima. Lakini ina harufu ya asali na ya ardhi iliyonyeshewa. Naweza kuiweka chini nikafikiri, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi, na nikirudi bado iko hai, haijakasirika. Ile ambayo lazima uinyonye bila kupumzika isije ikazima inataka mtumishi, Baba. Mimi hiyo siiwezi.

Na usiniandikie tena kwamba tumbaku ni ya wanaume. Mama yako, Nkambo, alivuta kila jioni ya maisha yake, upande wa moto ukiwa ndani ya mdomo kama walivyofanya akina mama wote wa umri wake, na mimi ndiye niliyemletea kaa la moto kutoka jikoni. Wewe ulikuwa umekaa palepale unakula. Sikukusikia hata siku moja ukisema amekutia aibu. Ulimwambia tu apunguze kwa sababu ya meno.

Sasa nikueleze siku yenyewe.

Ramazani alileta kisanduku cha sigari badala ya lile fungu la majani ambalo wazee wetu wanaleta kufungua mazungumzo. Sikulaumu hilo. Ni mtu wa magari makubwa, anapenda vitu vya kisasa. Mjomba alifanya kama desturi inavyotaka: hakukifungua, kwa sababu anayewasha ni baba wa msichana, na akirudisha fungu zima, neno limekufa. Akakiweka juu ya kabati, akakuandikia. Usimlaumu Mjomba kwa lolote. Kisanduku kile kilikaa juu ya kabati kikinitazama nikila, nikitoka kwenda shule, nikirudi. Kilikuwa kinazungumza habari zangu na mtu aliye Kasongo, juu ya kichwa changu.

Jumapili iliyofuata Ramazani mwenyewe akaja barazani, amevaa abakosti yake ya kijivu, suti isiyo na tai. Alikuwa amekwisha kuja mara nyingi. Alikuwa amenisikia mara nyingi nikibishana na wazee juu ya sigari gani inafaa na ipi ni majani ya kufungia samaki, na kila mara alitabasamu, akamgeukia Mjomba, akaongea habari za matairi. Siku ile alimuuliza Mjomba, mimi nikimimina chai, kama mutoto anajua kupika wali wa Kimaniema. Mimi nilikuwa palepale, Baba, birika mkononi, karibu kabisa na kiwiko chake.

Nikaweka birika chini. Nikaenda ndani, nikashusha kisanduku, nikakifungua mbele yao wote. Ndani mlikuwa na kitambaa kama cha jeneza la tajiri, na kila sigari na pete yake. Nikachukua moja nikaibonyeza. Ililia. Nikainusa: harufu ya mbao tu, na kabati. Nikaikata, nikaiwasha, nikakaa kwenye kiti.

Ramazani akafurahi sana. Hilo ndilo ulilosimuliwa, na hapo ndipo waliposimamisha hadithi. Alipiga goti lake akasema, "Basi, Tata Sefu, neno limeisha. Mutoto mwenyewe amewasha."

Tata Kabeya ndiye aliyejibu, akimwita mwananchi kwa Kifaransa kama watu wa ofisini. "Ngoja kwanza, citoyen. Kuwasha moto, haiko kusema bukari imeiva."

Nilivuta taratibu. Sikutaka kuionea. Niliipa nafasi yake yote, nikapita adabu ya mwanzo, nikafika katikati, na katikati hakukuwa na mtu. Jani la nje likapasuka kama kisigino cha kiangazi. Nilipoiweka chini kidogo tu, ikazima. Sikuiwasha mara ya pili.

"Hii siimalizi," nikasema.

Ramazani alicheka, akadhani ninaringa. Akasema ni ya bei kupita zote, ameinunua Lubumbashi kwa hoteli ya bazungu. Nikamuuliza kama aliinusa. Akasema angenusa namna gani, kisanduku kilikuwa kimefungwa, na muuzaji alimwambia ni ya watu wakubwa. Nikamuuliza kama alifikiri nitaipenda.

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza, Baba, na alishangaa kwelikweli. "Wee? Kwangu mwanamuke hatavuta hii moshi. Na kazi ya shule utaacha. Ile kisanduku ni ya bazee."

Hakusema kwa ubaya. Ninataka ujue hivyo. Ramazani halewi, haibi, na akimkuta mgonjwa njiani humpakia bila kumdai kitu. Simkatai kwa sababu ni mtu mbaya. Ninamkataa kwa sababu ameleta zawadi inayonihusu na haikumpitia kichwani kwamba mimi nina mdomo.

Tata Kabeya akasema polepole, akimtazama Mjomba, "Umesikia, Sefu. Amejibu." Mjomba akasema amesikia. Mashahidi ninao wawili, wote watu wazima.

Ninajua utasema desturi ni desturi. Nimeifikiria sana, usiku na darasani, wanafunzi wakinakili ubao. Desturi yetu inajua baba anayewasha. Inajua baba anayerudisha. Juu ya msichana anayewasha mwenyewe haina neno hata moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa kiberiti. Basi hilo neno ambalo halikuwepo, ninaliweka mimi: anayewasha mwenyewe huhukumu mwenyewe. Uliuza ng'ombe wawili ili nisome. Ulitaka mtoto anayeweza kutoa hukumu na kuieleza. Umempata.

Barua yako ilipofika sikungoja Jumapili. Nilikwenda na kisanduku hadi kwenye gereji ya Ramazani, njia ya Mutoshi, mchana, madereva wake wakiwa chini ya gari na miguu nje. Nikamkabidhi. Hakutaka kukipokea. Akasema, "Baba yako amekubali. Barua iko."

Nikamwambia, "Kama Baba amekubali, basi mchumba wako ni Baba. Kamuoe yeye."

Madereva walicheka hata miguu yao ikatikisika. Neno hilo lilikugusa, na kwa kuligusisha jina lako ninakuomba radhi. Lakini silirudishi. Ramazani akakichukua kisanduku, akakiangalia kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani kumshika. Akasema nitazeeka na moshi wangu. Nikasema nitazeeka, hata yeye atazeeka. Alikuwa ameumia, nilimwona, na nilimhurumia njia nzima ya kurudi. Huruma si posa.

Sasa linalobaki ni kati yako na mimi, na ndilo linalonikosesha usingizi. Shule ikifungwa nilitaka kuja. Nilikuwa nimekwisha kumnunulia Mama kitenge. Nataka kulala kwenye chumba cha nyuma na kusikia akitwanga. Lakini najua kwamba nikishuka kwenye treni kwa amri ya barua ile, wazee watakuwa wamekaa tayari, na kila mtu atasema nimekuja kwa miguu yangu. Kwa hiyo siji. Nimekata shauri, na imenigharimu kuliko unavyofikiri. Nitabaki hapa likizo nzima. Tata Kabeya amenipatia watoto wa kufundisha hesabu.

Unaweza kunikasirikia. Unaweza kuacha kuniandikia, ingawa hilo nakuomba usilifanye. Kitu kimoja tu hutaweza, kusema sikujibu.

Nisalimie Mama, na umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Nisalimie kaka yangu mkubwa Musa na mkewe, na umwambie mdogo wangu Zaina asiache shule kwa sababu ya mtu yeyote mwenye magari. Nisalimie shangazi Mwajuma, dada yako. Yeye atanitukana kwanza, kisha atauliza sigari yenyewe ilikuwaje. Mjomba anakusalimu, anasema barua yake inakuja nyuma ya hii. Tata Kabeya, usiyemjua, anakusalimu kama mzazi kwa mzazi.

Siku utakaponiandikia "njoo" peke yake, bila jina la mwanaume pembeni, nitafunga sanduku langu asubuhi ileile.

Mimi binti yako, ninayekupenda na niliyekataa,

Feza