Salamu za Ukoo Zilizongoja Saa ya Marekani

Moraa mpwa wangu, Nakuru hamjambo?

Huku Kebirigo mimi ndiye niliyeokoa harusi ya Kerubo! Mama yake, yaani mama yako mdogo Nyaboke, alikuwa aitazame kwenye tovuti akiwa Marekani, nasi tumwone kwenye skrini. Kumbe kule wamerudisha saa nyuma wiki hii, na fundi wa tovuti hakubadilisha mpangilio wa saa. Tovuti ikampa muda unaochelewa kwa saa nzima! Naye yuko zamu ya usiku, simu ameifungia kabatini mpaka mapumziko, kwa hiyo hatungempata.

Pasta akasema, "Mvua inakuja, waapishwe."

Nikaruka. "Pasta, salamu za ukoo kwanza!"

Nikaanza kusimulia nilivyomfukuza chui kwa mwavuli kwenye majani chai, mpaka akaniomba msamaha. Watu walicheka wakashika mbavu! Pasta mwenyewe akauliza, "Aliomba kwa lugha gani?"

Nilikuwa bado namtafsiria chui wakati Nyaboke alipotokea kwenye skrini na sare zake za unesi. "Woi, nimechelewa?"

"Umewahi, dada! Hata chui hajafika nyumbani kwake."

Kerubo akaapa mama akimwona. Ndizi za kukutumia nimezifunga. Mungu akulinde, kipenzi changu.

Mjomba wako shujaa